Tumepewa kazi ya kuezua paa la asbesto Wete: mikataba ya kazi ya dunia inamlinda fundi aliyepatana kwa mdomo?

kenchi_na_papi (Wete)

Assalaamu alaikum wana jukwaa.

Mimi ni fundi wa paa, Wete. Kundi letu limepata kazi ya kuezua ghala moja kongwe pamoja na ofisi zilizoungana nalo. Paa lake si bati la kawaida. Ni yale mapande ya saruji ya kijivu, mazito, yenye mawimbi mapana, ambayo wazee wote wa hapa wanayaita asbesto. Juu yameota kuvu, yamepasuka kwenye matundu ya boliti, na pale palipovunjika zimechomoza nyuzi nyeupe kama makumbi yaliyochambuliwa. Nilipitisha kidole, zikabaki mkononi.

Mkandarasi anatulipa kwa kazi nzima, si kwa siku. Karatasi hakuna, tumepatana kwa mdomo. Anataka tumalize kabla ya masika. Maelekezo yake ni haya: pigeni nyundo yadondokee ndani, kisha zoeni kwa koleo mpakie gari. Kila mtu atapewa barakoa ya kitambaa. Yatakayoteremka mazima tunaruhusiwa kuyachukua. Jirani yangu keshaniomba ya banda la kuku, na mwenzangu mmoja anayataka ya kuezekea jiko la mama yake.

Moyo wangu haujakubali. Katika kundi nina kijana wa miaka 16, mtoto wa dada yangu, ambaye ndiye mwepesi wa kupanda. Nguo zangu za kazi anazifua mke wangu kwa mkono, na tuna mtoto mdogo anayetambaa humo humo uani.

Nilipomuuliza mkandarasi habari ya vumbi, akanijibu kuwa hii ni asbesto nyeupe, haina neno, hata mkataba wa kimataifa umeiruhusu. Sasa nauliza wanaojua. Ni kweli mkataba umeiruhusu? Na mkataba wa namna hiyo unamfikia mtu kama mimi, asiye na barua ya ajira? Nikikataa kupanda nina pa kusimamia?

---

bintikisiwani (Unguja)

Wa alaikum salaam kaka. Nimefanya kazi ya usalama kwenye miradi ya ujenzi huku Unguja kwa muda mrefu, na swali lako ningependa kila fundi wa paa aliulize kabla hajaweka ngazi.

La kwanza kabisa: nyundo hapana. Na hizo nyuzi usizishike tena. Osha mikono kwa maji na sabuni, usipukute.

Hilo la mkataba mkandarasi kalichukua nusu. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, kuhusu asbesto ni Namba 162. Ulipitishwa Geneva Juni 1986 na ukaanza kutumika 1989. Ni kweli haukuzipiga marufuku aina zote. Uliikataza asbesto ya buluu, krosidolaiti, na ukakataza kupuliza asbesto ya aina yoyote kwenye kuta na dari. Ile nyeupe, krisotili, ikabaki chini ya masharti mazito. Wauzaji wa asbesto wakaishikilia nafasi hiyo miaka mingi, mpaka 2006 mkutano mkuu wa ILO wenyewe ulipopitisha azimio: Mkataba 162 usitumike kuhalalisha kuendelea kutumia asbesto, na njia ya kuwalinda wafanyakazi ni kuacha matumizi mapya na kuisimamia ipasavyo ile iliyokwisha kuwemo kwenye majengo. Ghala lenu linaingia katika hilo la pili.

Na kwamba nyeupe haina neno, si kweli. Kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani, IARC, kimeziweka aina zote sita katika kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo imethibitika vinaleta saratani kwa binadamu. Nyeupe imo.

Tuzungumze na vumbi lenyewe, maana watu wengi wanapima hatari kwa macho. Pande la paa kwa kawaida ni saruji, na ndani yake asbesto asilimia 10 hadi 15 hivi. Likiwa zima na limetulia juu ya papi, zile mbao zinazobeba paa, linatoa vumbi kidogo. Ukilivunja, ukalikata kwa msumeno au ukalitoboa, nyuzi zinaachana zikawa nyembamba mno, jicho halizioni, na zinaweza kukaa hewani kwa saa nyingi. Ukizivuta zinafika chini kabisa ya mapafu na mwili hauwezi kuzisaga. Zinaweza kuleta makovu ya mapafu, ambayo ndiyo asbestosisi, saratani ya mapafu, na mesotelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu au tumbo. Ugonjwa mara nyingi hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40. Ndiyo maana fundi mzee anaweza kukwambia kavunja mapaa haya ujana wake wote na hakuumwa hata kikohozi siku ile. Anasema kweli, lakini siku ile siyo ya kupimia. Na anayevuta sigara, hatari yake ya saratani ya mapafu huzidi maradufu na zaidi.

Sasa mkataba unasema nini juu ya kazi yenu hasa. Ibara ya 17 inahusu kubomoa na kuondoa. Kazi ya kuondoa asbesto kwenye jengo, pale ambapo vumbi linaweza kuruka, ifanywe na mwajiri au mkandarasi aliyetambuliwa na mamlaka kuwa anaiweza. Kabla ya kuanza aandike mpango wa kazi unaoonyesha wafanyakazi watalindwa vipi, vumbi litazuiwa vipi, na taka zitapelekwa wapi. Na wafanyakazi au wawakilishi wao washauriwe juu ya mpango huo. Kaka, wewe hukushauriwa. Uliamriwa upige nyundo.

Ibara ya 18 ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwa sababu inaingia hadi uani kwako. Mwajiri atoe nguo za kazi, na nguo hizo zisivaliwe nje ya eneo la kazi. Kuzipeleka nyumbani kukatazwe kisheria. Kuzisafisha ni juu ya mwajiri, na aweke mahali pa wafanyakazi kuoga kabla ya kuondoka. Haikuandikwa hivi kwa ajili ya unadhifu. Wapo wanawake waliopata mesotelioma na hawakukanyaga kiwandani maisha yao yote, walikuwa wakikung'uta na kufua nguo za waume zao. Afrika Kusini, mwaka 1960, daktari Wagner na wenzake waliandika juu ya wagonjwa 33 wa mesotelioma, wengi wao kutoka eneo la machimbo ya asbesto ya buluu kaskazini mwa jimbo la Cape, na miongoni mwao walikuwemo watu ambao hawakuwa wachimbaji; waliishi karibu tu. Mkeo na huyo mtoto anayetambaa wamo ndani ya suala hili sawasawa na wewe.

Ibara ya 21 inataka wafanyakazi wapimwe afya bila kulipa, ikiwezekana ndani ya saa za kazi, bila kukatwa ujira. Ibara ya 22 inataka wafundishwe kabla.

Swali lako la kutokuwa na barua. Pamoja na Mkataba 162 kuna Pendekezo Namba 172 la mwaka huo huo wa 1986. Linasema aliyejiajiri mwenyewe naye apewe ulinzi unaofanana na wa aliyeajiriwa. Pendekezo hilo hilo linataka uangalizi maalumu kwa vijana walio chini ya miaka 18. Mpwa wako asipande. Hili nakuomba usilingojee jibu la mkandarasi.

Kuhusu pa kusimamia. Mkataba unaibana nchi iliyouridhia. Jirani zetu Uganda waliuridhia 1990, na Zimbabwe, ambako asbesto nyeupe imechimbwa miaka mingi, 2003. Lakini wewe usiingie kwenye mabishano ya nani karidhia. Juni 2022 mkutano mkuu wa ILO uliingiza mazingira salama na yenye afya kazini miongoni mwa haki za msingi za kazi, na Mkataba 155 wa 1981 pamoja na 187 wa 2006 ikawa mikataba ya msingi. Tangu hapo kila nchi mwanachama ina wajibu wa kuiheshimu na kuiendeleza kanuni hiyo kwa uanachama wake tu. Ndani ya Mkataba 155, Ibara ya 13 inamlinda mfanyakazi aliyejitoa penye hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake, asiadhibiwe. Ibara ya 21 inasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote.

Na hapa nyumbani tuna sheria yetu, Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya 2005 ya Zanzibar. Kuna watu watakwambia nenda OSHA, wakala wa usalama na afya kazini. OSHA ni ya Bara. Mambo ya kazi si ya Muungano, kwa hiyo mikataba ya nje inaridhiwa na Jamhuri ya Muungano lakini kazini unasimamiwa na sheria ya Zanzibar. Nenda ofisi ya Wizara inayoshughulikia kazi hapo Pemba, uliza wakaguzi wa usalama na afya kazini, ueleze kama ulivyotueleza sisi.

---

mzee_wa_mtalimbo (Chake Chake)

Mwanangu, dada hapo juu kasema ya mapafu. Mimi naongeza la shingo.

Pande la asbesto kongwe halimbebi mtu. Unalikanyaga leo halivunjiki, unapiga hatua ya pili unajikuta chini kwenye sakafu. Ghala lina kimo gani? Mafundi wana desturi ya kusema kanyaga penye mstari wa boliti, ndipo penye papi. Usiamini. Mguu ukiteleza nusu ya futi umekwisha, na kuvu lile la juu likipata umande ni utelezi mtupu. Mtu anayeanguka kwenye paa la namna hii hana kitu cha kudaka, maana kile anachokidaka nacho kinavunjika.

Nimeona kazi hii ikifanywa sawasawa na watu waliofundishwa, na hakuna aliyepanda juu ya paa. Walifunga jukwaa kwa ndani, chini ya kenchi, kwa mbao pana zilizofungwa vizuri, wakafanya kazi wamesimama juu ya jukwaa. Pale pa lazima kufika kwa juu walilaza mbao ndefu zinazovuka papi kadhaa na wakavaa mikanda iliyofungwa penye nguvu.

Maji kwanza. Walikuwa na bomba la mgongoni, lile la kupulizia dawa shambani lakini jipya, halijaingia dawa. Ndani yake maji na sabuni kidogo ya maji, ili maji yanywewe na pande badala ya kuteleza juu. Wananyunyiza kama umande. Hawakutumia mpira wa maji ya nguvu, kwa sababu maji ya nguvu yanachimba pande na kutawanya tope lenye nyuzi, likikauka linakuwa vumbi upya. Boliti zikafunguliwa kwa spana. Zilizoganda kwa kutu wakazikata kichwa, wakalowesha pale wanapokata. Pande likitoka linashikwa na watu wawili, linateremshwa kwa kamba, linalazwa chini. Hakuna kutupa. Chini limetandikwa nailoni nene, linafungwa tabaka mbili, linabandikwa karatasi ya kueleza kilichomo. Vipande vidogo vinaokotwa kwa mkono wenye glovu, havifagiliwi kwa ufagio mkavu. Wanafuta kwa matambara yaliyoloa, na matambara yenyewe yanaingia kwenye nailoni.

Tena wanaangalia upepo. Sasa kaskazi linavuma, na Wete mjini nyumba zimebanana. Upepo ukizidi kazi inasimama.

Nimekueleza ili ujue kazi inavyofanana inapofanywa vizuri, uweze kuitambua na kuidai. Sikukueleza ili uende ukaifanye peke yako na vijana wako.

---

bintikisiwani (Unguja)

Mzee, Mungu akupe afya. Na hapo umenifungulia jambo ambalo kaka anaweza kulitumia kesho. Ibara ya 13 niliyoitaja inazungumzia hatari ya karibu. Mtu mbishi anaweza kusema saratani ya baada ya miaka 30 si hatari ya karibu, na mabishano yakaendelea mpaka paa limeshabomolewa. Lakini kuanguka kwenye paa lisilobeba mtu ni hatari ya asubuhi hiyo hiyo, hakuna wa kuibishia. Kaka, unapokataa kupanda, taja yote mawili na anza na kuanguka.

---

mkanjuni_kwetu (Pemba)

Naomba kuingilia kidogo. Sisi tuna paa la namna hii kwenye nyumba ya familia, halijavunjika, na maji ya mvua tunayakinga kwenye tangi, tunanywa. Tubomoe? Na ile barakoa, mimi nina ndevu, nafuga kwa sunna. Nimesikia barakoa haifanyi kazi kwa mwenye ndevu, ni kweli?

Pia kama asbesto ni mbaya hivi, mbona bado kuna nchi zinaiuza?

---

bintikisiwani (Unguja)

Paa zima liache lilivyo. Usilikwangue kuvu, usilitoboe kuweka waya wa dishi. Hatari yake ni kwa kuvuta hewa. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani halijaona ushahidi unaolingana kwamba nyuzi zikimezwa zinadhuru, ingawa linashauri zipunguzwe pale inapowezekana. Kwa nyumba yenu jambo la kuangalia ni mfereji wa paa. Ile tope inayojikusanya humo ina nyuzi zilizochakaa juu. Kabla ya kusafisha iloweshe vizuri, izoe ikiwa mbichi, usingoje ikauke ukaikwangua. Maji ya kwanza ya msimu yamwageni, yasiingie tangini. Siku paa likianza kupasuka ndipo mtafute watu wa kuliondoa.

Na kama hamna hakika kuwa ni asbesto, kuna mapande mapya ya saruji yasiyo na asbesto ambayo kwa macho yanafanana kabisa. Kinachotofautisha ni maabara, kwa hadubini. Mpaka lipimwe, mlichukulie kuwa ni asbesto.

Ndevu, ndiyo, ni kweli. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizi hata kwa asiye na ndevu. Zile zinazofaa ni za kiwango cha juu, FFP3, au za mpira zenye chujio la P3, na zote zinategemea kushikamana na ngozi pande zote. Kwenye ndevu hewa inapita pembeni. Lakini hakuna anayemlazimisha Muislamu kuchagua kati ya ndevu zake na mapafu yake: ipo barakoa ya kofia, inayofunika kichwa chote, yenye pampu ndogo ya betri inayosukuma hewa iliyochujwa usoni. Hiyo haihitaji kubana ngozi. Ni ghali, na wa kuinunua ni mwajiri.

Kuhusu kuuzwa. Upo Mkataba wa Rotterdam wa 1998, ulioanza kutumika 2004, unaohusu biashara ya kemikali hatari. Haupigi marufuku, unataka nchi inayonunua ipewe taarifa na itoe idhini kabla ya mzigo kuingia. Aina tano za asbesto zimo kwenye orodha yake. Nyeupe haimo, kwa sababu uamuzi unahitaji kila nchi ikubali, na kila ikiletwa zipo nchi chache, zikiwemo zinazoichimba, zinazokataa. Inaniuma sana jambo hili. Nchi inayoamua kuikataa haihitaji kusubiri orodha hiyo: Uingereza iliipiga marufuku 1999, Afrika Kusini 2008.

---

kenchi_na_papi (Wete)

Shikamoo mzee wangu wa Chake. Dada, shukrani sana, Mungu akulipe.

Nimezungumza na mkandarasi leo baada ya laasiri. Nilianza na kuanguka, kama ulivyosema, nikamwambia mimi na wenzangu hatupandi juu ya lile paa mpaka pawe na jukwaa. Hapo alinisikiliza. Nilipofika kwenye nguo na mahali pa kuoga akachoka, akasema hayo ni mambo ya Ulaya. Mwisho kasema atazungumza na mwenye jengo kwa sababu bei waliyopatana haibebi gharama hizo. Kazi imesimama kwa sasa. Kundi limegawanyika, wawili wananilaumu kuwa nimewakatia riziki.

Mpwa wangu nimemtoa. Nimempeleka kwa rafiki yangu anayeezeka mabati mapya Konde.

Kesho naenda ofisi ya kazi. Nataka niwe na kitu cha maandishi mkononi, na kingine nimpe mkandarasi. Niandike nini? Mimi si mtu wa barua.

---

bintikisiwani (Unguja)

Hao wawili waonyeshe jibu la mzee. Na riziki haijakatika. Bei mliyopewa ilikuwa ya kazi nyingine, kazi ya kuvunja. Kuondoa asbesto ni kazi yenye bei yake, na anayepaswa kuilipa ni mwenye jengo.

Andika kwa ufupi. Unaweza kuanza hivi, ubadilishe upendavyo:

«Sisi mafundi tuliotajwa hapa chini tuliombwa kuezua paa la ghala tunaloamini ni la asbesto. Hatukatai kazi. Tunaomba kabla ya kuanza tupewe na kushauriwa juu ya mpango wa kazi wa maandishi unaoeleza: nani ametambuliwa na mamlaka kusimamia kazi hii, jukwaa na mikanda ya kuzuia kuanguka, namna ya kulowesha na kuteremsha mapande bila kuyavunja, barakoa zinazofaa kwa kila mmoja wetu, nguo za kazi zitakazobaki na kufuliwa kwa gharama ya mwajiri, na mahali pa kuoga, vipimo vya afya, na mahali taka zitakapopelekwa kwa idhini. Mpaka hapo hatutapanda, kwa sababu paa halibebi mtu na vumbi lake lina madhara kwa afya.»

Tarehe, majina, saini. Nakala mbili, moja apokee akusainie, nyingine ubaki nayo. Akikataa kusaini, andika siku na saa uliyompa, na shahidi asaini. Ukitaja mikataba, taja Namba 162 Ibara za 17 hadi 19 na Namba 155 Ibara ya 13 na ya 21. Ofisini waulize Sheria Namba 8 ya 2005. Habari ya taka ipeleke pia kwa ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar. Pande hata moja lisiende jaa la kawaida wala kwenye mikoko, na lisipondwe likawa kifusi cha kujazia njia, maana kila gari likipita hapo litakuwa linasaga upya.

Karatasi hiyo itunze. Pendekezo 172 linataka kumbukumbu za vipimo vya vumbi zihifadhiwe si chini ya miaka 30, kwa sababu maradhi haya huchelewa. Siku daktari akikuuliza umewahi kufanya kazi wapi, uwe na la kumwonyesha.

---

kenchi_na_papi (Wete)

Nimeinakili. Kwa jina la mamlaka ya mazingira nilikuwa sina habari, nitapita.

Moja limebaki. Yule jirani wa banda la kuku hakusubiri. Mapande mawili yalikuwa yameshateremka zamani, yameegemea ukuta wa ghala, keshayachukua kwa gari la ng'ombe na yamo uani kwake. Moja limemeguka pembe njiani. Hajalikata bado.

---

mzee_wa_mtalimbo (Chake Chake)

Nenda leo leo, usimwendee kwa ukali, ana kuku wake na hakujua. Mwambie asilipigilie msumari wala asilikate. Watoto watoke uani kwanza. Pale lilipomeguka palowesheni kwa maji ya sabuni, vipande viokoteni vikiwa vimeloa, na mapande yote mawili myalaze chini, siyo kuyaburura, myafunge kwa nailoni nene mara mbili. Yakae penye kivuli, mbali na njia ya watu, mpaka hao wa mazingira waseme yaende wapi. Lile gari la ng'ombe nalo lifutwe kwa tambara lililoloa, na tambara lifungwe humo humo.

Banda tutamtafutia makuti. Mimi nina makuti ya kutosha huku, aje ayachukue.